Kulala Gisenyi, Kushinda Goma

Mmeniuliza wengi, mmoja mmoja, penye bomba la maji, mlangoni mwa msikiti, hata kwenye msiba wa jirani ambapo hapakuwa mahali pake: "Mama Idi, safari yenu ilikuwaje?" Nami nimewajibu kwa mkato. Nzuri, alhamdulillahi, ziwa ni kubwa, mjukuu mzima. Leo nakaa chini niieleze yote, kituo kwa kituo. Mambo ya vibali na mihuri nayaruka, kila mtu anayajua na yanachosha.

BIRYOGO: KUBISHANIA KITANDA

Binti yangu Zubeda mnamjua, ndiye kitinda mimba wangu. Aliolewa Goma, upande wa Zaire, na fundi wa magari, mtu wa Maniema, anaitwa Ramazani. Miaka sita tumbo likakaa kimya. Mwaka ule wa tisini, kiangazi kikiingia, ikaja barua: Mama, Mungu amejibu, mtoto atakuja mwisho wa mwezi wa saba.

Wajukuu ninao kumi na mmoja, wazuri wote, hakuna mwenye kengeza. Lakini wote ni wa wanangu wa kiume. Huyu alikuwa wa kwanza kutoka tumbo la binti yangu, na kwetu mtoto wa binti hupokelewa na mikono ya bibi mzaa mama. Mimi nilipokelewa hivyo, na Zubeda alipokelewa hivyo. Tena mimi sibahatishi kazi hiyo. Nusu ya vijana wanaopita mtaani kwetu hapa Biryogo, Kigali, wakijitia wakubwa, mimi ndiye niliyewakata kitovu. Kwa hiyo shabaha yangu ilikuwa moja tu: mtoto atoke, aangukie kwenye mikono hii.

Mapumziko yalikuwa shabaha ya Mama Sefu. Mwenzangu huyu wa ujane hakuwahi kuliona ziwa Kivu wala kuvuka mpaka wowote. Aliposikia naenda, akafunga kanga kiunoni. "Nchi mbili kwa safari moja," akasema. "Tutembee kama Wazungu. Asubuhi huku, mchana kule, jioni tumerudi kitandani."

Kitanda chenyewe kiko wapi? Hapo ndipo tulipobishana siku tatu, uani kwangu, tukichambua maharage.

"Kwa mwanao," akasema Mama Sefu. "Wapi pengine?"

"Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Mama yangu hakulala, bibi yangu hakulala."

"Mkwe wa bibi yako alikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake! Wako yuko Zaire."

"Paa ni paa."

Akataja Ruhengeri, ana binamu huko. Nikamwambia Ruhengeri ni baridi mpaka kwenye meno, na kila siku tutakuwa barabarani. Akataja nyumba za kulala wageni za Goma. Nikamwambia hizo ni za madereva wa malori na wanawake wao, mimi na umri huu nikaonekane natoka mle? Nikasema Gisenyi. Mji mtulivu, uko upande wetu, na mpaka unavukwa kwa miguu. Kutoka pale hadi nyumbani kwa Zubeda, mtaa wa Birere, ni mwendo wa nusu saa hata kwa magoti yangu. Tutalala Gisenyi, tutashinda Goma. Nilijiona nina akili kuliko wanaopanga reli.

"Na mtoto akija usiku?" akauliza Mama Sefu.

"Miaka thelathini napokea watoto. Tumbo likitaka kuzaa kesho, mimi najua leo."

Na jambo lingine sikumwambia, nawaambia ninyi. Ramazani alipotaka kuoa hakuja yeye. Alimtuma mjomba na barua. Hakukanyaga uani kwangu hata siku moja, eti kazi nyingi. Nikaapa moyoni kwamba huyo hatanisikia nikikoroma nyumbani kwake.

NYABUGOGO HADI BASE

Tuliondoka stendi ya Nyabugogo asubuhi kwa basi kuukuu la kijani. Tulipanda mlima wa Shyorongi vizuri, basi likikohoa na sisi tukikohoa nalo kwa vumbi. Mbele yetu aliketi mzee mmoja na mzinga mpya wa nyuki, ameupakata kama mtoto.

Mama Sefu akamgusa bega. "Mzee, huo mzinga una nyuki?"

"Hauna," akasema mzee. Akafikiri kidogo. "Asubuhi walikuwemo wachache."

Basi zima likasimama wima. Mwanamke mmoja alipita juu ya magoti yangu kama ngazi. Kondakta akataka mzinga uende juu ya paa, mzee akasema mzinga ukienda juu naye anakwenda juu, na kweli akapanda. Hakuna nyuki aliyeonekana. Mama Sefu alicheka mpaka akatoa machozi, nikamwambia ajiheshimu.

Karibu na daraja la Base, basi likanguruma likakataa. Klachi imeungua. Fundi wa basi akadandia lori kurudi Kigali kutafuta kipuri, dereva akatandika gunia chini ya basi akalala. Tulikaa pale saa tano nzima. Wanawake wa kule walituletea matunda ya marakuja kwenye vikapu, tukayapasua kwa meno, matamu na machungu pamoja, mpaka ndimi zikakwaruza. Mama mmoja muuza viazi aliyekuwa akienda Ruhengeri akaniuliza nakokwenda. Nikamweleza kwa maringo: naenda kumpokea mjukuu wangu.

"Basi muombee fundi arudi upesi," akasema. "Watoto hawangoji klachi."

"Wangu atangoja," nikasema. "Bado wiki mbili."

Fundi alirudi alasiri. Tulipita Ruhengeri ukungu ukishuka, tukaingia Gisenyi jua limezama na mpaka umefungwa. Kumbe Zubeda alikuwa amekuja kutungojea upande wa pili tangu saa nane mchana, na tumbo lile, amesimama juani kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Walipofunga, askari akamwambia rudi nyumbani, mama yako hakuja. Hilo nililijua kesho yake. Yeye mwenyewe hakunilaumu, alilisema kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

GISENYI: NYUMBA YA WAGENI

Tulifikia nyumba ya wageni ya kanisa, sitaitaja. Safi mno, shuka zimepigwa pasi, maua hadi chooni. Dada aliyetupokea alitutazama, wajane wawili wazee na mabunda yao, akatukumbatia. "Karibuni, tulidhani hamtafika tena!" Akatukalisha kwenye meza ndefu na wanawake wengine ishirini, tukapewa maharage, viazi na chai ya maziwa. Nikamnong'oneza Mama Sefu: hawa watu wa Gisenyi wana ukarimu.

Alfajiri, nimemaliza tu kuswali, mlango ukagongwa. Wimbo wa asubuhi! Kumbe palikuwa na semina ya wajane kutoka makanisa ya milimani, na sisi tumehesabiwa kuwa kundi la Kibuye lililochelewa. Nilitaka kusema kweli palepale, lakini Mama Sefu alikwishaingia ukumbini kwa sababu aliona uji. Walipofika kwenye ushuhuda wakamsimamisha.

"Mume wangu alikuwa mkorofi," akasema, kanga yake kichwani na tasbihi mkononi. "Mungu akamchukua. Tangu hapo nalala vizuri. Nashukuru."

Walipiga makofi kuliko walivyowapigia wote. Yule dada alipotambua kosa alicheka pamoja nasi, akatuachia chumba, akasema ukumbi uko wazi tukitaka. Mama Sefu alirudi mara mbili zaidi.

Nawaambieni kitanda kile kilikuwa kizuri. Kutoka dirishani niliona moshi wa jikoni za Birere, ng'ambo. Nikajisemea: si hapo tu?

Siku ya tatu hatukuvuka kabisa. Mama Sefu alitaka kwenda Rubona kwenye maji ya moto, yale yanayochemka yenyewe kutoka ardhini kando ya ziwa. Tukaenda. Watu walikuwa wanachemshia viazi mle kwa nyavu, unanunua kiazi kimeiva bila kuni. Mama Sefu alitumbukiza magoti akakataa kutoka. Nilikaa juu ya jiwe, nikala viazi vitatu kwa chumvi, upepo mzuri, nikafurahi kama msichana. Siku hiyo Zubeda alikuwa amepika kwa ajili yetu. Alikifunika chakula mpaka jioni.

GOMA: CHUMBA KILICHOTANDIKWA

Goma si kama Kigali. Mji umekaa juu ya mawe meusi yaliyotoka mlimani yakiwa moto, makali kama vigae, na nyumba ni za mbao zimesimama juu ya mawe hayohayo. Vijana wanapita na chukudu, pikipiki ya mti mtupu isiyo na injini, imebebeshwa makabichi mlima mzima, na ukichelewa kupisha unakanyagwa. Mama Sefu alitaka apakiwe. Nikamkataza.

Mara ya kwanza nilipofika, Ramazani alikuwa mlangoni amenawa mpaka viwiko, lakini oili ya magari haitoki kwenye kucha. Alinisalimu ameinama, hakunitazama usoni. Adabu anayo, nilikuwa sijui. Akanionyesha chumba. Kitanda kipya, ubao wake bado unanukia, godoro jipya, pazia la kitenge, na chini pametandikwa mkeka wa kuswalia umeelekezwa kibla.

"Mama, chumba ni yako hii," akasema. "Mie nitalalaka kule garaji. Hapa itabaki wanamuke tupu, mpaka mutoto azaliwe."

Mnaelewa alichofanya? Desturi yetu aliijua, Zubeda alimweleza. Akajitoa kwenye nyumba yake ili mimi niingie bila aibu. Mtu gani mwingine angefanya hivyo? Nami nikasimama kwenye kizingiti kama afisa wa afya.

"Ahsante, mwanangu. Nina chumba Gisenyi."

"Gisenyi kuko nani yako, Mama?"

"Hakuna mtu. Kuna heshima."

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa jirani, Mama Furaha, mwanamke wa kabila la Wanande, mkubwa wa mwili, muuza samaki, miguu imepasuka kwa mawe yale, sauti yake inasikika hadi ziwani.

"Heshima inachotaka maji ziwani, Maman?" akaniuliza. "Inakaangaka samaki ya sambaza?"

Nilimpa mgongo. Nilimwona hana adabu. Nikamuuliza Zubeda pembeni kwa nini anamruhusu mtu kama huyo kuingia jikoni bila hodi. Zubeda akasema, "Mama, miaka sita hapa nimekuwa na nani?"

Kila siku ikawa hivyo. Asubuhi tunavuka, nashinda na binti yangu, namkanda mgongo kwa mafuta, namwambia yale ambayo mama humwambia bintiye. Mchana tunaletewa bugali ya muhogo, sombe, kile kisamvu chao cha mawese, sambaza zilizokaangwa zikakauka zikawa kama bisi. Mama Sefu alikula mpaka akalegeza kanga. Mimi nilidonoa kama ndege, nisije nikasemwa kwamba nimeshiba kwa mkwe. Zubeda alikuwa akiitazama sahani yangu.

"Mama, hukipendi chakula changu?"

"Nakipenda."

"Basi kula."

Na saa kumi na moja jioni ikifika nasimama, najifunga, natafuta viatu, kwa sababu saa kumi na mbili kamba inafungwa mpakani na hakuna anayepita, hata uwe nani. Maneno yakiwa katikati, yanakatika katikati.

JIONI YA SIKU YA SITA

Siku hiyo, tangu alasiri, Zubeda alikuwa anabadili mkao. Anakaa, anainuka, anashika ukuta. Nikamlaza nikampapasa tumbo. Mikono hii imepapasa matumbo mengi kuliko mnavyohesabu. Nikahisi mtoto yuko juu.

"Bado," nikasema. "Kichwa hakijashuka. Wiki nzima."

"Mama, mgongo unaniuma kwa namna nyingine."

"Ni uzito. Utajifunza."

Mama Furaha alikuwa amechuchumaa mlangoni anapara samaki. Bila kuulizwa akasema, "Maman, mie naona hii tumbo imeshuka tangu jana."

"Wewe kaanga samaki wako," nikamwambia.

Aliinama akaendelea kupara. Mama Sefu alinikanyaga mguu, nikauondoa mguu.

Zubeda akanishika mkono. Hajanishika vile tangu akiwa mdogo anaogopa radi. "Lala leo tu. Leo tu, Mama. Kitanda kiko. Ramazani hayupo, yuko garaji. Kesho rudi Gisenyi kwako."

Nikamwambia nimesema bado. Nikamwambia asiwe kama mtoto, yeye ni mtu mzima, tena binti yangu mimi, Mwajuma. Nikasimama. Akatusindikiza hadi mwisho wa ua, polepole, anachagua pa kukanyaga kati ya mawe, akasimama ameegemea mti wa wigo. Nilipogeuka nyuma alikuwa bado amesimama. Hakuniita tena.

Njiani Mama Sefu alisema neno moja tu. "Mwajuma, una kichwa." Nikadhani ananisifu kazi. Hakuwa ananisifu.

ASUBUHI YAKE

Tulifika mpakani mapema. Siku zote hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Siku hiyo haukufunguliwa. Mkubwa fulani alikuwa anatazamiwa kupita, ikaamriwa watu wasimame pande zote mbili mpaka apite. Saa moja, saa mbili. Wanawake wenye mabeseni ya nyanya vichwani, wenye kuku, wenye mikate, wote tumesongamana. Askari wa upande wetu alikuwa kijana mpole, anasema kila mara, "Mukecuru, vumilia," maana yake bibi kizee, nami namjibu mimi si mukecuru wake.

Ndipo nikamwona Ramazani. Alikuwa upande wa pili, hatua kama ishirini, mbele kabisa ya watu wa Zaire, shati limefungwa vifungo vibaya. Aliponiona akainua mikono yote miwili.

"Mama! Amezaa! Mutoto mwanamuke!"

Watu wa pande zote mbili walisikia. Na mnajua watu walivyo wakiwa wamechoka kusimama, wakipata la kufurahia hawaliachi. Vigelegele vikapaa huku, vikajibiwa kule. Wanawake nisiowajua wakanipiga mabega. Mwenye mikate akanipa mkate. "Hongera, mukecuru! Hongera, bibi!" Yule askari mpole naye akanipa mkono.

"Lini?" nikapiga kelele.

"Alfajiri! Minaitwa garaji, minakuta imeisha!"

"Nani alimpokea?"

Ramazani akasita. Hakutaka kulisema mbele ya watu, niliona. Nikauliza mara ya pili, kwa ukali, kama kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

"Mama Furaha! Mama Furaha amemushika!"

Vigelegele vikaanza upya, kwa sababu wale watu hawakujua Mama Furaha ni nani. Walidhani ni furaha tu inaongezeka. Mimi nimesimama na mkate wa watu mkononi, Ramazani amesimama kule, kamba katikati. Tulikaa hivyo tukitazamana mpaka saa nne. Hakuondoka kwenda nyumbani, ingawa yeye alikuwa na njia. Alinisubiri.

NDANI

Mtoto alikuwa mzuri. Nywele nyingi, kidole cha shahada mdomoni. Zubeda amelala kwenye kile kitanda kipya, uso umevimba kwa uchungu, ametulia. Pembeni ya kichwa chake, kwenye kigoda, pale panapokaa mama, alikuwa Mama Furaha, amekunja mikono, macho mekundu. Aliponiona akainuka upesi kunipisha. Sikuweza kukaa.

"Karibu, Mama," akasema Zubeda. Akaniagizia chai. Ililetwa kwenye kikombe cha maua, kile chenye kisahani, kinachotolewa kwa wageni.

Nikauliza ilikuwaje, akanieleza kwa ufupi. Uchungu ulikuja kwa nguvu kabla ya adhana. Alimwita jirani kwa kugonga mbao za ukuta. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, Mama Furaha akakitoa kwa vidole viwili, taratibu, huku anaimba wimbo wa kwao. Nilisikiliza. Kazi hiyo ningeifanya hivyohivyo. Sikupata hata kosa moja la kushikilia.

Adhuhuri nikasema, "Nipeni nimwogeshe mjukuu wangu."

Zubeda aligeuza kichwa. Alimtazama Mama Furaha kwanza. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mwenye kitu anapoombwa na mwingine. Na Mama Furaha akasema haraka, "Ni wako, Maman, ni wako, shika." Akanimiminia maji, akayajaribu kwa kiwiko chake, akaniambia kwa sauti ndogo, sikujua kama anayo sauti ndogo, kwamba huyu hapendi maji mgongoni kabla ya miguu. Mtoto ana saa saba duniani, na mimi nafundishwa tabia yake.

Nikamwogesha kuanzia miguuni. Hakulia.

Alasiri nikavua viatu, nikaviweka ndani ya mlango, si nje. Nilikuwa nimeamua. Nilingoja mtu aone, mtu aseme neno. Saa kumi na moja ilipofika Zubeda akafungua macho, akasema kwa upole kabisa, bila kinyongo chochote, na hilo ndilo lililonivunja:

"Mama, jitayarishe. Watafunga mpaka."

Ningeweza kusema, nalala. Maneno mawili tu, kwa binti niliyemzaa mwenyewe. Kigoda kilikuwa kimeshakaliwa tena, na mkeka wa Mama Furaha umeshatandikwa kando ya kitanda. Nikavaa viatu.

KURUDI KIGALI

Siku ya saba ya mtoto Ramazani alichinja mbuzi, akasimama mbele ya watu wa Birere, akasema mtoto ataitwa Mwajuma. Jina langu. Alikuwa amelichagua tangu mwanzo, kabla sijakataa kitanda chake, na hakulibadili. Siku hiyo nilikula. Nilikula sombe sahani mbili mbele ya mkwe wangu, na hakuna mbingu iliyoanguka.

Tulirudi kwa basi zima, bila mzinga wala klachi kuungua, na Mama Sefu hakuwa na cha kuchekesha. Alinunua viazi Ruhengeri, akavigawa nusu kwa nusu.

Tulipofika hapa mlitupokea ninyi wenyewe, mmejaa uani. Mmoja wenu akauliza mtoto anaitwa nani, nikasema Mwajuma. Mkapiga vigelegele. Mkasema, amepewa jina lako, maana ni mikono yako iliyompokea, mashallah, bado ana mikono huyu! Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Sikusema ndiyo kwa mdomo, niliitikia kwa kichwa tu, lakini mlikula pilau juu ya kuitikia huko. Mama Sefu alichukua bunda lake akaenda kwake, na mpaka leo hanywi chai uani kwangu.

Nilisema nitarudi baada ya mvua, nilale hata mwezi. Mwezi wa kumi vita vikaanza, na sasa njia ya Ruhengeri si ya kupita mtu kama mimi. Barua ya mwisho inasema mtoto anatambaa kati ya nyumba mbili, kwao na kwa Mama Furaha, na hajui ipi ni yake.

Bi Salama, juzi ulikuja kuniuliza. Binti yako wa Gitarama anazaa mwezi ujao, na wewe umeona aibu kulala kwa mkwe, umepata chumba kwa watu mjini, uwe unakwenda asubuhi na kurudi jioni. Ukasema, "Nifanye kama wewe, Mama Idi, maana wewe ulifanya vizuri." Nikakwambia ngoja nifikiri.

Nimefikiri. Sikumpokea Mwajuma. Alipokelewa na Mama Furaha, muuza samaki wa Birere, nami nilikuwa ng'ambo kwenye shuka za pasi. Chumba hicho cha mjini kirudishie wenyewe. Nenda kwa mwanao. Ukionyeshwa kitanda, lala. Usipoonyeshwa, omba.